Prosesa ya viini viwili yenye viini vinne: kufungua na kuongeza kasi Phenom II X2 555

Kwenye meza yangu kuna kompyuta ambayo prosesa yake imechapwa juu Phenom II X2 555 Black Edition. X2 ni viini viwili. Ukiiwasha, mashine inajitaja kwa jina jingine kabisa: Phenom II X4 B55. Viini vinne. Jina hilo hulikuti kwenye boksi la dukani. Prosesa inajipa yenyewe ikishafunguliwa.

AMD waliitoa Januari 2010 ikiwa na kasi ya 3.2 GHz. Kipande cha silikoni kilichomo ndani ni kilekile cha Phenom II X4, transista milioni 758, viini vinne na kashe ya L3 ya MB 6, ila viini viwili vimezimwa kiwandani. Vipande vingine vilitoka na kasoro kwenye kiini kimoja au viwili, na badala ya kuvitupa vikauzwa kama X2. Vingine havikuwa na tatizo lolote. Soko lilitaka prosesa ya bei nafuu, basi vizima navyo vikazimwa ili vijaze rafu. Yako ni ipi kati ya hizo mbili? Kwa kuitazama huwezi kujua, inabidi uijaribu.

Msimamo wangu nautoa mapema: fungua viini kwanza, vipime mpaka uridhike, ndipo uguse kasi. Watu wengi hufanya yote kwa mkupuo mmoja, mashine ikiganda hawajui wamlaumu nani, kiini kibovu, volteji ndogo, au joto. Halafu wanasema prosesa ni mbovu.

Je, mashine yako inakubali?

Kama una kompyuta ya ofisi iliyotumika, zile za Dell au HP ambazo ndizo zimejaa kwenye maduka ya mitumba, hapa huna kazi. BIOS zake, yaani programu ya mipangilio inayoanza kabla ya Windows, kwa kawaida hazina hata ukurasa wa volteji. Unahitaji madabodi ya kununuliwa peke yake, yenye soketi ya AM3, au AM2+ ambayo orodha ya mtengenezaji inasema inaikubali prosesa hii.

Fungua programu ya CPU-Z, nenda kwenye ukurasa wa "Mainboard", soma mstari wa "Southbridge", ndilo jina la chipu mojawapo ya madabodi. Ukiona SB710 au SB750, una kitu kinachoitwa Advanced Clock Calibration, kwa kifupi ACC, na hicho ndicho kinachofungua viini. AMD walikiweka kwa kusudi jingine, kusawazisha saa ya prosesa inapoongezwa kasi. Mwanzoni mwa 2009, Phenom II X3 720 ilipotoka, watu waligundua kwamba ukiiwasha ACC kiini cha nne kinaamka. Kwenye chipu za SB800 na kuendelea ACC haipo, lakini watengenezaji wa madabodi hawakutaka kuwaangusha wateja, wakaweka njia zao: ASUS wanaiita Core Unlocker, MSI ni Unlock CPU Core, ASRock ni UCC, Biostar wakacheza na maneno wakaiita BIO-unlocKING.

Tahadhari moja hapa. Usikimbilie kupakia toleo jipya la BIOS kwa sababu tu lipo. Baadhi ya matoleo yaliondoa uwezo huu kimyakimya. Kama BIOS uliyonayo inao, iache ilivyo.

Jambo la mwisho la kukagua, na ndilo linalounguza bodi za watu, ni wati. X2 555 imepimwa kwa wati 80. Ikishakuwa na viini vinne kwa 3.2 GHz, inalingana na Phenom II X4 955, na hiyo imepimwa kwa wati 125. Bodi nyingi za bei ya chini zilitengenezwa kubeba wati 95. Angalia pembeni ya soketi: kama sehemu inayorekebisha umeme wa prosesa haina hata kipande cha bati la kupoza, na kapasita zake zimeanza kuvimba vichwa, achana na zoezi hili. Mimi nilishawahi kupuuza. Bodi ilifanya kazi siku nne, ya tano nikasikia harufu kabla sijaona moshi.

Kwa wenye prosesa nyingine, kwa ufupi: Athlon II X3 nyingi hufunguka kuwa X4, Phenom II X4 960T inaweza kufika viini sita, hata Sempron 140 ya kiini kimoja huweza kupata cha pili. Upande wa Intel hakuna viini vya kufungua, kuna kizidisho tu, yaani namba inayozidishwa na saa ya msingi kupata kasi, nacho unakinunua kikiwa wazi kwa kufuata herufi K, mfano i5-2500K ya 2011 kwenye bodi ya P67 au Z68.

Joto kwanza, maana hatuishi Ulaya

Majaribio mengi utakayosoma yamefanyika kwenye chumba cha nyuzi 20 hivi. Chumba changu Dar es Salaam, saa nane mchana mwezi wa pili, ni nyuzi 31, na feni haiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayovuta. Kwa hiyo mtu akisema yake inafika nyuzi 50 ikiwa kazini, wewe na hitisinki ileile, kile chuma cha kupoza prosesa, tegemea 61. Hesabu zako zianzie hapo.

Hitisinki ndogo iliyokuja na prosesa inatosha kwa viini viwili. Kwa vinne ukiwa na kasi ya kawaida inajikongoja. Kwa vinne na kasi ya ziada, tafuta ile ya mnara yenye mabomba ya shaba na feni ya milimita 120.

Kuitoa ile ya zamani kuna mtego. Prosesa za AM3 zina pini 938 chini yake, na soketi inazishika kwa kubana tu. Pesti, ile krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, ikishakauka miaka kumi inakuwa kama gundi: ukivuta hitisinki kwa nguvu kwenda juu, prosesa inang'oka nayo huku wenzo wa soketi ukiwa bado umefungwa, na pini zinapinda. Kwa hiyo washa mashine kwanza, iache ifanye kazi nzito dakika kumi ili pesti ilainike. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua klipu, halafu izungushe hitisinki taratibu kushoto na kulia kama unafungua mfuniko wa chupa. Utasikia inaachia. Ndipo unyanyue.

Futa pesti ya zamani kwa kitambaa kisicho na nyuzi na spiriti. Pesti mpya weka tone moja katikati, ukubwa wa punje ya choroko au mbili. Usiipake kama siagi kwenye mkate. Hitisinki ikibanwa itaisambaza yenyewe.

Na ukiwa umeshafungua kasha, toa vumbi. Nimeona mashine ikishuka nyuzi tisa kwa kupulizwa tu. Shika mapanga ya feni kwa kidole unapopuliza yasizunguke ovyo.

Kufungua viini

Kabla ya yote, hakikisha mashine ni nzima ikiwa na viini vyake viwili. Endesha Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwa saa chache. RAM mbovu itakupotezea wiki nzima ukidhani ni prosesa. Nakili mafaili yako ya muhimu kwenye diski nyingine, kwa sababu mashine inayokosea hesabu huweza kuharibu hata Windows yenyewe. Kama una UPS, huu ndio wakati wake.

Sasa washa, bonyeza Delete mfululizo mpaka BIOS ifunguke. Piga picha kurasa zote kwa simu. Usiseme utakumbuka.

Zima Cool'n'Quiet na C1E, mipangilio ya kupunguza umeme mashine ikiwa haina kazi, kwa muda, tutavirudisha. Weka RAM kwenye kasi yake ya kawaida, mfano 1333, na volteji iliyoandikwa kwenye stika yake. Kizidisho kiache palepale 16. Halafu tafuta "Advanced Clock Calibration" uiweke "Auto", au kama bodi yako ina njia yake, iweke "Enabled". Bodi nyingine zina mstari wa ziada chini yake wa kuwasha kila kiini kwa jina lake. Viwashe vyote vinne. Hifadhi kwa F10.

Hapa mashine inaweza kujizima kabisa, ikakaa sekunde tano, ikajiwasha. Usiruke. Ni kawaida.

Kuna mambo matatu yanayoweza kutokea. La kwanza, inawaka na kuandika X4 B55, na Windows inafunguka. Hongera, lakini usishangilie bado. La pili, inawaka lakini Windows inakufa njiani kwa skrini ya bluu. La tatu, skrini nyeusi, feni zinazunguka tu. Hilo la tatu linawatisha watu bure, kwa sababu ACC haibadilishi chochote ndani ya prosesa. Ni amri tu inayosomwa kila mashine inapowaka. Zamani, mwaka 2000, wenye Athlon walikuwa wanachora kwa penseli juu ya prosesa yenyewe kuunganisha vidaraja vya L1 ili kizidisho kifunguke, na wakikosea wanafuta kwa ufutio. Sisi tuna nafuu. Chomoa umeme, hamisha jampa ya kufuta CMOS, yaani kumbukumbu ndogo inayoshika mipangilio ya BIOS, kwa sekunde kumi, au toa betri ya CR2032 kwa dakika tano, rudisha, washa. Viini viwili vyako vimerudi kama vilivyokuwa.

Kuvijaribu: hapa ndipo kazi ilipo

Kiini kibovu hakijitangazi. Kinaweza kucheza video, kufungua intaneti, kuandika barua wiki nzima, halafu siku unayotoa video ya harusi ya mteja kinakosea hesabu moja saa nane usiku. Kijana mmoja wa studio aliniletea yake, akasema, "Kaka, inazima ikifika asilimia tisini tu, kabla ya hapo haina shida." Kiini cha nne. Alikuwa amekifungua mwenyewe, kikawaka, akaridhika.

Tumia Prime95. Iliandikwa kwa ajili ya kutafuta namba tasa kubwa za Mersenne, lakini sifa yake kwetu ni kwamba inalijua jibu sahihi mapema na inalinganisha. Chagua "Small FFTs" kwanza. Utaona madirisha manne madogo, moja kwa kila kiini. Kaa uyaangalie dakika ishirini za mwanzo, usiende kunywa chai.

Kiini kikikosea, dirisha lake litaandika "FATAL ERROR: Rounding was 0.5, expected less than 0.4" na kusimama, huku mengine matatu yakiendelea na safari. Andika namba ya dirisha. Likisimama lilelile mara tatu mfululizo, umempata mgonjwa wako. Kabla ya kumzika, mpe volteji kidogo: kutoka 1.35 nenda 1.375, jaribu tena, kisha 1.40. Viini vingine vilizimwa si kwa sababu vimekufa, ila vinahitaji umeme zaidi kidogo ya wenzake. Kama kwa 1.40 bado analia, na bodi yako inaruhusu kuzima kiini kimoja kimoja, mzime huyo ubaki na vitatu. Vitatu vizima ni bora mara kumi kuliko vinne kimoja kikiwa mwongo.

Ukipita dakika ishirini, iache saa nane, yaani usiku mzima. Kesho yake endesha "Blend" ambayo inachosha na RAM pia.

Kuna jambo litakalokutatanisha katikati ya haya yote: ukifungua viini kwa ACC, vipima joto vya ndani ya viini vinakufa. Core Temp, programu ya kusoma joto la viini, itakuonyesha sifuri au namba isiyosogea. Si hitilafu, na hakuna dawa yake. Utabaki na kipima joto cha bodi, kilicho chini ya soketi, ambacho HWMonitor huwa inakionyesha kwa jina la CPU. Huwa kinachelewa, ndiyo maana mimi siruhusu kipite nyuzi 60. Kikifika 60 nasimamisha, hata kama hakuna kosa lolote.

Kuongeza kasi

Baada ya siku mbili tatu za viini vinne bila kosa, sasa tuongeze moto. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tatu: kasi ni saa ya msingi mara kizidisho. Saa ya msingi ni 200 MHz, kizidisho ni 16, unapata 3200. Black Edition maana yake kizidisho kiko wazi, kwa hiyo saa ya msingi usiiguse kabisa, maana ukiipandisha inapanda na RAM na kila kitu kilichofungwa kwenye mnyororo huo.

Panda hivi: 16.5, halafu 17, yaani 3.4 GHz. Kila hatua, Prime95 dakika ishirini. 17.5 ni 3.5. 18 ni 3.6. Volteji usiipandishe mpaka ikosee. Ikikosea, ongeza 0.025, rudia jaribio lilelile. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, uandike kwenye daftari: kizidisho, volteji, joto la juu, dakika ilizodumu. Daftari langu lina mstari mmoja unaosema 18.5, 1.425, nyuzi 63, dakika 11, halafu nimechora mstari mwekundu chini yake.

Nilirudi 18 kwa 1.40 na hapo ndipo ipo mpaka leo. Sababu naieleza kwa hesabu. Joto linapanda sambamba na kasi, lakini linapanda na mraba wa volteji. Kutoka 3.2 kwenda 3.6 ni mara 1.125. Kutoka 1.35 kwenda 1.40, ukipiga mraba, ni karibu mara 1.075. Zidisha: 1.21. Yaani asilimia 12 za kasi nimezilipa kwa asilimia 21 za joto. Sasa chukua 3.8 GHz kwa 1.45: unapata joto la ziada la asilimia 37 kwa kasi ya ziada ya asilimia 19. Kwa mwenye kiyoyozi, sawa. Kwangu mimi ni kupasha chumba. Juu ya 1.45 kwa kupoza na hewa, sikushauri uende, hata ukiona wenzako wameenda.

Wenye Athlon II X3 hawana kizidisho kilicho wazi, hao lazima wapandishe saa ya msingi. Mfano X3 440 ina kizidisho 15: ukiweka 220 unapata 3.3 GHz, lakini RAM ya 1333 inakuwa 1466 bila kukuuliza. Ishushe kwanza kwenye 1066, itatua kwenye 1173, salama. Panda kwa 5 MHz, si zaidi.

Mchezo huu hautaki hasira. Ukiona umefika saa sita usiku na mashine imegoma mara ya saba, zima, nenda kalale. Makosa yangu yote ya volteji niliyafanya baada ya saa sita.

Kumalizia

Rudisha Cool'n'Quiet. Usishtuke ukiiona CPU-Z inasoma 800 MHz. Mashine ikiwa haina kazi inashuka mpaka kizidisho 4, ukifungua kitu kizito inarudi 3600 papo hapo. Endesha Prime95 saa moja zaidi baada ya kuirudisha, kwa sababu mashine nyingine hukubali kasi kubwa lakini hukosea zinapopanda na kushuka.

Ujue pia mipaka ya umri wake. Prosesa hizi hazina amri za SSE4.1 wala SSE4.2, ambazo programu mpya huzitegemea, kwa hiyo magemu kadhaa mapya hayatafunguka kabisa, na Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 haiwaki juu yake hata kwa ujanja. Hakuna kiasi cha GHz kinachotibu hilo. Mimi nimeweka Linux Mint, na kwa kubadili fomati za video na kubana mafaili, vile viini viwili vya bure vinaonekana waziwazi.

Mwisho, chukua kipande cha karatasi, andika mipangilio yako yote: ACC Auto, 18, 1.40, RAM 1333. Kibandike ndani ya mfuniko wa kasha. Betri ya CMOS itakufa siku moja, mashine itaamka ikijiita X2, na hutakumbuka hata namba moja.